Musherekha, Munyu na Maji ya Mlima Elgon

Barafu huyeyuka juani. Sukari huyeyuka chaini. Hivyo ndivyo wasemavyo watu wengi kuanzia Kanduyi hadi Kiminini, na hakuna anayewakosoa. Hata hivyo, haya ni mambo mawili yasiyofanana hata chembe. Barafu hushindwa na joto ikageuka maji, na kabla na baada ya hapo ni maji yale yale. Sukari haishindwi na joto la chai. Ili sukari iyeyuke kwa maana halisi ya neno hilo, yapata digrii 186 zahitajika, na hakuna kikombe cha chai kilichowahi kufika huko. Kinachotokea chaini ni kwamba maji huizunguka kila chembe ya sukari, yakaibandua kutoka kwa wenzake na kwenda nayo, hadi sukari ikaenea kote isionekane tena ila kwa ulimi.

Kiswahili hakikukosa neno la tukio hili. Mtoto akitiwa peremende mdomoni huimumunya. Hatafuni, huachia mate yafanye kazi. Mzee aliyeng'oka meno naye humumunya kipande cha muwa. Ni katika kitenzi hicho ambamo wanaistilahi walichota maneno kama mmumunyo, kimumunyishi na umumunyifu, nayo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ikachapisha kamusi yake sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Wapo wanaoyacheka maneno haya na kudai kwamba yananuka maabara. Kicheko hicho si cha haki. Istilahi iliyotoka katika kinywa cha mtoto mwenye peremende ina picha ndani yake, na picha ndiyo inayomsaidia mwanafunzi siku ambayo kumbukumbu imemtoroka.

Hebu msomaji amtazame msichana mmoja aliyesomea shule ya upili Kitale na kuzimaliza likizo zake nyingi kwa nyanya yake, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Katika kidato cha tatu alifanya jaribio ambalo watahiniwa wengi wa kemia nchini Kenya walilifanya kabla yake. Alipima fuwele nyeupe za klorate ya potasiamu, akazitia katika neli pamoja na maji mililita chache, akapasha moto mpaka fuwele zote zikatoweka. Kisha akaondoa moto na kukoroga taratibu kwa kipimajoto huku akikodoa macho, akingoja chembe ya kwanza ijitokeze upya. Akaandika kiwango cha joto, akaongeza maji mililita tano, akarudia. Kila alipoongeza maji, fuwele zilichelewa zaidi kutokea na joto lilikuwa limeshuka zaidi. Jedwali lake lilikuwa safi, grafu yake imepinda vizuri ajabu. Mwalimu alipomuuliza umumunyifu ni nini, alitiririka sentensi nzima ya Kiingereza kama ilivyo kitabuni. Alipoombwa aseme kwa maneno yake mwenyewe, kwa lugha yoyote aipendayo, alinyamaza kimya. Maneno yake mwenyewe hayakuwako.

Desemba ya mwaka huo alikwenda Bungoma kama kawaida. Nyanya yake, ambaye wajukuu wote humwita kukhu kama ilivyo desturi ya Wabukusu, alikuwa akitengeneza musherekha.

Kwa wasioujua, musherekha ni maji ya majivu ambayo Waluhya wengi hupikia mboga. Maganda na mabua ya maharagwe hukaushwa, yakachomwa mpaka yakawa majivu meupe. Wengine hutumia maganda ya ndizi. Kukhu alikuwa na mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia aliotoboa matundu madogo kwa msumari upande wa chini. Ndani aliweka nyasi kavu zilizosokotwa, juu ya nyasi akayashindilia majivu, kisha akauweka mkebe juu ya sufuria. Akamwaga maji yenye uvuguvugu, kidogo kidogo, akingoja ya kwanza yazame kabla ya kuongeza mengine. Baada ya muda matone yakaanza kudondoka, ya rangi ya chai ya rangi. Matone ya mwanzo aliyakinga katika chupa ya peke yake.

"Haya ndiyo makali," alimwambia mjukuu wake. "Ya baadaye ni maji tu yaliyopita njiani."

Msichana alichovya kidole akakisugua na cha gumba. Vikateleza kama vilivyopakwa sabuni. Akauliza kwa nini maji yasimwagwe yote kwa mara moja ili kazi iishe. Kukhu alicheka. Alisema kwamba maji mengi ya haraka hupita bila kusalimia majivu, na kwamba akiyagawa mara nne hutoka na nguvu nyingi kuliko akiyamwaga mara moja. Je, kwa nini yawe na uvuguvugu? Kwa sababu ya baridi ni mavivu. Na yale majivu yanayobaki mkebeni? Hayo hayana kitu tena, alisema, hutupwa migombani.

Majibu haya yalitolewa na mtu ambaye hakupata kuingia maabarani, na kila moja lilikuwa sahihi. Majivu ya mimea ni mchanganyiko wa vitu vingi. Kimojawapo ni kabonati ya potasiamu, ambayo maji yaipenda mno: gramu 100 za maji ya joto la kawaida hubeba zaidi ya gramu 110 zake. Kingine ni kabonati ya kalisi, yaani jamii ya chokaa na ganda la yai. Hiyo, maji kiasi kile kile hayachukui hata sehemu ya mia ya gramu. Vyote viwili ni vyeupe na vimelala pamoja katika mkebe mmoja, wala hakuna jicho liwezalo kuvitenganisha. Maji huvitenganisha kwa kuchukua kimoja na kukiacha kingine. Hapo ndipo maana yote ya umumunyifu ilipo: ni kipimo cha kiasi gani cha kitu fulani maji fulani, yenye joto fulani, yaweza kubeba kabla ya kusema basi.

Na maji husema basi. Gramu 100 za maji ya digrii 20 hubeba chumvi ya mezani gramu 36 hivi. Ukiongeza ya 37 italala chini hata ukoroge mpaka jioni. Kukoroga, kama vile kusaga kitu kikawa unga, huharakisha safari lakini hakuongezi nafasi ndani ya gari. Wanafunzi wengi huyachanganya haya mawili, na si ajabu, maana jikoni vyote huonekana kama kitu kimoja. Joto ndilo linaloongeza nafasi, tena si kwa usawa. Maji yanayochemka hubeba chumvi gramu 39 tu, nyongeza ya kuchekesha. Sukari kwa upande wake hutoka gramu 200 katika digrii 20 hadi zaidi ya gramu 480 katika digrii 100. Ni pengo hilo linalokiwezesha kiwanda cha sukari kama kile cha Nzoia, kilichoanza uzalishaji mwaka 1978 jirani na mji wa Bungoma, kugeuza maji ya miwa kuwa chembe: maji hupunguzwa kwa kuchemshwa, shira hupozwa, nayo sukari iliyokosa nafasi hulazimika kushuka. Molasi ni ile sehemu iliyokataa kushuka. (Kuhusu molasi na wapishi wa chang'aa, wenyeji wanajua zaidi ya makala haya.)

Gesi zina tabia ya kinyume. Hizo hukimbia maji yanapopata joto, na ndiyo sababu soda iliyoachwa juani katika kituo cha magari cha Bungoma humfoka mnunuzi wake usoni, wakati ile ya Kitale yenye baridi hutulia. Kitale ipo kiasi cha mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na Bungoma kiasi cha mita 1,400. Maji ya Kitale huchemka kabla ya kufika digrii 94, na mpishi wa maharagwe wa huko hulipia tofauti hiyo kwa kuni.

Jioni ile msichana alimweleza kukhu habari ya neli na kipimajoto. Kukhu alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo halikuwa katika kitabu chochote alichokuwa nacho mjukuu wake. Ikiwa maji huchukua chumvi kiasi hicho, mvua inayonyesha mlimani kila mwaka tangu dunia iumbwe imeiacha chumvi gani huko?

Jibu ni kwamba imeacha kidogo sana, isipokuwa mahali ambapo haifiki. Mlima Elgon ni volkano ya kale iliyozimika, wenye urefu wa mita 4,321, na miteremko yake hunyeshewa mvua nyingi. Miamba yake ilikuwa na chumvi. Mvua imezimumunya chumvi hizo kutoka katika udongo wa juu na kuzisukuma mitoni, hata nyasi zinazoota hapo hazina munyu wa kumtosheleza mnyama mkubwa. Lakini ndani ya mapango, kama lile la Kitum katika mbuga ya taifa iliyo upande wa magharibi wa Kitale, mvua haiingii. Kuta zake zimehifadhi chumvi za natiri. Ndovu wamelijua jambo hilo kwa vizazi vingi. Huingia usiku mmoja nyuma ya mwingine, gizani totoro, wakipapasa njia kwa mikonga, wakafika mbali ndani ya mlima, wakachokora ukuta kwa pembe na kutafuna mawe. Alama za pembe zipo ukutani hata leo, ijapokuwa majangili wa miaka ya 1980 waliwapunguza ndovu wenyewe kwa kiasi cha kusikitisha. Wafugaji wa mlimani nao waliwaingiza ng'ombe wao katika mapango hayo kwa haja hiyo hiyo. Pango hilo lilipata sifa mbaya baada ya wageni wawili waliolizuru, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, kufa kwa homa ya Marburg. Sifa hiyo imelifunika jambo ambalo ni la ajabu zaidi, yaani ndovu anayechimba madini.

Neno la Kibukusu la chumvi ni kumunyu. Kiswahili nacho kina munyu, ingawa siku hizi neno hilo limeachiwa washairi na wenye kamusi, chumvi ikatawala. Yasemekana kwa urahisi kwamba munyu na mumunya ni ndugu. Mwanafunzi wa isimu asikimbilie kuoza ndoa kwa sababu ya sauti kufanana. Ushahidi ni lazima. Lililo dhahiri ni kwamba kukhu na mjukuu wake, mmoja akisema kumunyu na mwingine chumvi, walikuwa wakizungumzia kitu kimoja kinachokwenda na maji.

Mvua ile ile ndiyo inayomsumbua mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia. Babake msichana hukuzia mahindi kwa mbolea ya yurea, na mtu yeyote aliyepata kuitia yurea katika ndoo ya maji na kukoroga kwa mkono anajua kwamba ndoo hupoa ghafla kana kwamba imetiwa barafu. Kumumunyika huko hula joto la maji. Yurea humumunyika upesi, na hiyo ni heri na shari: heri kwa kuwa mmea haungoji, shari kwa kuwa mvua kubwa ikija siku ya pili, sehemu kubwa huenda mtoni. Chokaa iliyo rafiki wa udongo mchachu haiendi popote, na kwa sababu hiyo hiyo haina budi kuchanganywa na udongo kwa jembe, kwani ikirushwa juu tu haitajipeleka kwenye mizizi.

Na inakokwenda chumvi ya Elgon? Wengi wangesema baharini Mombasa. La. Mto Nzoia humwaga maji yake Ziwa Viktoria, nalo ziwa huyatoa kwa mto Naili. Munyu wa mlima wa Wabukusu na Wasabaoti umekuwa ukielekea Misri tangu zamani.

Katika mizigo hiyo ya mvua mna kitu kimoja ambacho ni kidogo mno kuonekana, nacho ndicho kilichomhusu kukhu. Ni iodini, ambayo Watanzania huiita madini joto. Chumvi zake humumunyika kwa urahisi, kwa hivyo udongo wa milimani wenye mvua nyingi huipoteza. Mahindi ya udongo huo hayana iodini ya kutosha, maziwa ya ng'ombe wa hapo vile vile, na mtu anayekula vya hapo peke yake hukosa pia. Tezi ya shingoni, ambayo haiwezi kufanya kazi bila iodini, huvimba ikijaribu kufidia. Uvimbe huo ndio rovu. Sehemu nyingi za nyanda za juu za Kenya ziliwahi kujulikana kwa marovu, na tangu miaka ya 1970 nchi ilianza kutia iodini katika chumvi ya dukani. Chumvi yenyewe hutoka upande wa pili wa nchi, Gongoni na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ambako maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana na kuachiwa jua. Huko nako umumunyifu ndio msimamizi: maji yanapopungua, chokaa hushuka kwanza, jasi ikafuata, kisha chumvi, na yale machungu ya magnesi hubaki majini yakatupwa.

Kukhu alikuwa na rovu. Alikuwa nalo kabla ya mjukuu huyu kuzaliwa, na katika nyumba hiyo halikuwa likitajwa, kama lisivyotajwa kovu la mgeni. Alilifunika kwa kitambaa akienda kanisani. Tena alikuwa ameacha chumvi ya dukani miaka mingi, baada ya kusikia kwamba inaleta presha. Musherekha ulimtosha. Hapo ndipo msichana, ambaye kemia yake ilikuwa imeanza kupata maneno, alipokwama kwa namna nyingine. Musherekha ule aliokuwa ameanza kuuonea fahari, ambao angeupeleka shuleni kama ushahidi kwamba nyanya yake ni mwanakemia, haukuwa na iodini ya kumfaa mtu.

Yapo maandishi mengi yanayosifu maarifa ya jadi kana kwamba kuyauliza swali ni kuyatukana. Sifa za namna hiyo hazikuwa na msaada kwa kukhu. Msichana alikaa siku mbili na jambo hilo. Siku ya tatu, walipokuwa wakichambua mrenda, akaanza mbali, kwa ndovu.

"Kukhu, ulisema mvua imeondoa chumvi mlimani."

"Wewe ndiwe uliyesema. Mimi niliuliza."

"Basi iliondoa na kitu kingine." Akamweleza. Hakulitaja rovu, alisema tu "shingo", akitazama mboga.

Kukhu aliendelea kung'oa majani kwenye mabua. Akauliza kama musherekha una kitu hicho. Akajibiwa kwamba hauna, kwa kuwa umetokana na maharagwe ya udongo ule ule uliooshwa. Akauliza vipi kuhusu presha. Msichana, ambaye alikuwa amejitayarisha kwa swali hilo, alikubali kwamba chumvi nyingi ni mbaya kweli, akamwonyesha kijiko kidogo cha chai: chini ya hicho kwa mtu mmoja kwa siku nzima, ikiwemo iliyo ndani ya mkate. Musherekha ubaki kulainisha mrenda, kazi ambayo chumvi haiiwezi. Chumvi itiwe mwishoni, sufuria ikishaepuliwa, na ikae katika mkebe wenye kifuniko, mbali na jiko na unyevu, kwa sababu iodini nayo hupotea.

"Kwa hiyo vyote viwili," alisema kukhu.

"Vyote viwili."

Walikaa kimya kwa muda. Kisha kukhu akaligusa lile rovu kwa ncha za vidole, jambo ambalo mjukuu wake hakuwahi kumwona akilifanya mbele ya mtu.

"Na hili? Nikila chumvi yako, litamumunyika?"

Msichana angependa kusema ndiyo. Lakini uvimbe wa miaka mingi kama ule mara nyingi huwa umeshakomaa na kuota vinundu, na chumvi haiurudishi nyuma. Aidha si kila rovu huletwa na ukosefu wa iodini, na ni daktari tu awezaye kujua baada ya kupima damu. Chumvi ingewafaa zaidi wajukuu wadogo waliokuwa wakicheza uani, na shangazi mja mzito aliyekuwa akiishi nyumba ya pili.

"Hapana, kukhu," alisema. "Hilo ni la kwenda kuonyesha hospitalini."

Kukhu alitikisa kichwa, akasogeza ungo, akaagiza mtoto mmoja akimbie dukani kwa chumvi ya nusu kilo. Jumatatu walipanda matatu kwenda mjini, yeye akiwa amefunga kile kitambaa cha kanisani.